Kichwa cha Mzee Elia Si Kompyuta

Acheni kuniambia ubongo ni kompyuta. Nimestaafu, presha yangu haihitaji kusaidiwa kupanda, na neno hilo nimelisikia mpaka basi. Mnakuja hapa kwangu mtaa wa Kikuyu mitihani ikikaribia, mnaniamkia vizuri, mnapewa chai, na kabla kikombe hakijafika nusu mmoja wenu anasema, "Kwa hiyo, mama, yule mgonjwa faili lake limefutika." Faili gani? Mmeliona wapi? Nimepima kumbukumbu za watu hospitalini hapa Dodoma tangu nikiwa msichana wa Kondoa mwenye kiuno chembamba mpaka nilipoanza kutafuta miwani iliyo usoni kwangu mwenyewe, na sijawahi kukutana na faili ndani ya kichwa cha mtu.

Basi leo nawaandikia, maana nikisema mnaangalia simu.

Kichwani mna seli za neva, nyingi hata kuzihesabu ni kujisumbua, na hazijagusana kama mnavyozichora kwenye karatasi za mitihani. Kati ya seli na jirani yake kuna upenyo mdogo mno. Seli ikisisimka, umeme kidogo hukimbia mpaka mwisho wake, pale humwaga kemikali, kemikali inavuka upenyo, na jirani naye anasisimka au anatulizwa. Ni kama habari ya msiba inavyopita mtaani: hakuna ofisi inayoitunza, nyumba hii inaiambia ile, na nyumba zilizozoeana huambiana upesi. Seli zinazoamshana mara kwa mara, muunganiko wao hukomaa. Zisizotumiana hulegea. Kumbukumbu ni huko kuzoeana. Ukikumbuka harusi ya dada yako, huendi kuitoa mahali ilipohifadhiwa. Unaijenga upya hapo hapo kwa vipande, na kipande kikikosekana ubongo unaazima kingine bila kukuomba ruhusa. Ndiyo maana wewe na dada yako mpaka leo hamkubaliani ni nani aliyemwaga sufuria la pilau.

Hayo tunayajua, mtasema. Ndiyo, mnayajua kwenye mtihani. Mkivaa koti jeupe yanawatoka.

Mchukueni Kelvin. Siku hizi ni mtaalamu anayeheshimika, na ameniruhusu nimseme, ingawa hata asingeniruhusu ningemsema. Alikuja wodini kwetu akitoka chuo kikuu, ana bidii ya kuudhi. Nikampa bibi mmoja wa Bahi ampime. Kipimo chenyewe kilikuwa kimetafsiriwa na mtu ambaye nadhani hakuwahi kupita Bahi, kwa sababu neno la kwanza ambalo mgonjwa alitakiwa alishike kichwani lilikuwa "tufaha." Bibi yule amekula ubuyu, zabibu na mabungo maisha yake yote. Tufaha hajalishika, hajalinusa. Neno lisilo na chochote cha kujishikiza kichwani halikai, hata kwa kijana. Akakosa alama ya kwanza.

Kelvin akaendelea. "Bibi, unajua mimi ni nani?"

Bibi akamtazama kuanzia viatu mpaka kwenye miwani. "Si mume wangu wewe? Ulikuwa wapi siku zote hizi, nyumba inavuja."

Kelvin akaandika kwa mwandiko safi kabisa kwamba mgonjwa hamtambui mtahini, anadhani ni mumewe, na analalamikia mvua wakati ni kiangazi. Nikamwita ofisini.

"Kelvin, una bibi?"

"Ninaye, Madam. Yuko Iringa."

"Anakuitaje?"

Akatazama viatu vyake. "Ananiita mume wangu, Madam."

"Naye ubongo umechakaa?"

"Hapana, Madam. Yeye ananitania."

Na huyu wa Bahi je? Mtu anazaliwa nchi hii, analelewa na bibi yake, anataniwa tangu hajaota meno, halafu anapewa kalamu na karatasi, ghafla anakuwa mgeni. Hilo ndilo linalonichosha kwenu. Si kwamba hamjasoma. Mmesoma mpaka mmesahau mlikolelewa.

Aliyenipokea mimi kazini alikuwa muuguzi mzee, Bwana Mlewa, mtu mkimya mwenye kikohozi. Kila mgonjwa mpya alimpa kwanza kitu cha kushika: kikombe, kamba, ufunguo na kufuli lake. Mimi wakati huo nilikuwa na cheti kipya na kiburi kinacholingana nacho, nikaona anapoteza muda. Siku moja nikamuuliza kwa nini haanzi na maswali. Akasema, "Mdomo wa mtu una aibu na una adabu. Unaweza ukajua jambo ukakataa kulisema. Tazama mikono kwanza, mwanangu Hawa." Nikaitikia ndiyo mzee, nikaenda zangu kuuliza maswali. Maneno yake yalikuja kunifaa baadaye sana, siku za Mzee Elia.

Huyo sasa ndiye niliyetaka kuwaeleza tangu mwanzo.

Mzee Elia aliletwa na mkewe, Yudithi, ambaye kwa heshima tulimwita Mama Yudithi, kutoka Gulwe kule Mpwapwa. Alikuwa fundi njia wa reli, kazi yake kukaza na kubadili vyuma na mataruma ya reli, akastaafu na magoti mabovu na sauti kubwa. Akaugua homa ya ubongo, akalala bila fahamu. Alipozinduka alikuwa na maneno yake yote, kicheko chake chote, majina ya wenzake wote wa gengi na madaraja yote ya njia yake. Lakini jambo jipya halikukaa. Kuna sehemu ndogo imejikunja ndani kabisa, moja upande huu na nyingine upande ule wa ubongo, tunaiita hipokampasi. Ndiyo inayofunganisha vipande vya tukio la leo, nani alisema, wapi, ulihisi nini, mpaka vizoeane vyenyewe. Homa ilikuwa imeila. Ya zamani yalishazoeana, yakabaki. Ya leo yalikuwa yanapita tu. Ukitoka chumbani ukarudi, anakusalimia upya: "Mbukwa! Karibu, sijui tumewahi kuonana?"

Kama ingekuwa hivyo tu, tungeweza. Lakini siku zile alizolala bila fahamu, binti yake Neema, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa karani katika mojawapo ya ofisi za serikali kule Mtumba, alifariki wakati wa kujifungua. Akazikwa Gulwe nyumbani, baba yake akiwa kitandani hajui usiku wala mchana.

Alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa: "Neema yuko wapi?"

Wakamwambia. Akalia kama baba anavyolia. Baadaye akaletewa uji, akanywa, akainua uso: "Neema yuko wapi? Mbona haji kuniona?" Wakamwambia tena. Akalia tena, si kwa mazoea, alilia kilio kile kile cha mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Na ndugu, wale ndugu, Mungu anisamehe, wakawa wanamjibu, "Si tulikuambia jana, Elia? Jitahidi kukumbuka." Ajitahidi kwa kutumia nini?

Mama Yudithi akashindwa. Akaanza kudanganya. "Neema yuko kazini Mtumba." Mzee akafurahi, akavaa shati safi, akaenda stesheni ya Gulwe kumpokea. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho yake tena. Mwishowe akaonekana anatembea katikati ya reli akifuata upande wa Dodoma, treni inapiga honi nyuma yake, na kibarua mmoja akamvuta kwa mkanda wa suruali. Ndipo mama yule alipomleta kwetu. Akakaa mbele yangu, khanga kaifunga juu ya kichwa kilichonyolewa, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Dada, nifundishe cha kumwambia. Nikisema kweli namuua kila siku. Nikisema uongo, treni itamuua."

Sasa niambieni, jibu lake liko ukurasa wa ngapi?

Kelvin alidhani analijua. Kitabu kinasema mgonjwa wa namna hii asaidiwe na vikumbusho vya nje, na kitabu hakikosei, ukikitumia kumkumbusha mtu chooni ni wapi. Mimi nilikuwa nimekwenda kwenye kikao. Kelvin akachukua karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito, akabandika ukutani juu ya kitanda cha mzee: NEEMA AMEFARIKI. AMEZIKWA GULWE.

Mzee Elia alijua kusoma, mtu wa reli yule. Akaisoma asubuhi akilia. Wakamtoa kuoga, akarudi, akaisoma. Akaenda kula, akarudi, akaisoma. Muuguzi akaja mbio kuniita kwenye kikao. Niliingia nikaichana karatasi ile kwa mikono miwili. Niliyomwambia Kelvin baada ya hapo siyaandiki, maana kuna watoto wanaojua kusoma.

"Nilitaka aache kuuliza, Madam," alisema, na yeye machozi yanamtoka.

"Ameacha?"

"Hajaacha."

Jioni ile nikakaa na mzee. Karatasi haikuwepo, na alichosoma hakikuwepo kichwani. Lakini chakula hakukigusa, na uso ameuelekeza ukutani pale pale ilipokuwa imebandikwa.

"Una nini, mzee?"

"Sijui, mama. Nina huzuni. Sijui imetoka wapi."

Andikeni hili mahali mtakapoliona. Hofu na huzuni zina kituo chao, amigdala, jirani kabisa na hipokampasi, na kwa Mzee Elia kilikuwa kimesalimika. Maumivu yalikuwa yanaingia na kukaa. Kilichokuwa hakikai ni sababu yake. Kwa hiyo msiniletee habari ya kwamba mgonjwa wa kusahau unaweza kumwambia lolote kwa kuwa atasahau. Atasahau neno lako. Uchungu utambakia, na hatajua amshitaki nani. Nilikasirika sana siku ile, na sehemu ya hasira ilikuwa kwa sababu hata mimi sikuwa na la kumwambia mkewe.

Wodi yetu ilikuwa na lango la chuma lenye komeo la kipuuzi. Uliinue, ulivute kwako, halafu usukume lango kwa goti, ukikosea mpangilio halifunguki. Siku zake za mwanzo Mzee Elia alipigana nalo, akamtukana aliyelichomelea kwa Kiswahili na kwa Kigogo. Nami kila siku nilikuwa nampitisha pale kwenda kuota jua, bila kuwaza lolote. Basi siku moja ananisimulia jinsi maji yalivyokuwa yanabeba tuta la reli kila masika, mikono inatembea hewani, tukafika langoni. Akainua, akavuta, akapiga goti. Lango likafunguka, hadithi haijakatika.

Nikasimama. "Mzee, lango hili umelizoea."

Akaligeukia. "Lango gani? Mimi leo ndiyo kwanza nafika hapa."

Hapo nikamsikia Bwana Mlewa na kikohozi chake. Mnafundishwa, na mnafaulu, kwamba ustadi wa mikono na mazoea ya mwili hayapitii hipokampasi. Yana njia zake, moja ndani zaidi ya ubongo, na nyingine inapita ubongo mdogo kule kisogoni, na njia hizo hujifunza polepole kwa kurudia jambo lile lile kwa namna ile ile. Mzee Elia alikuwa anajifunza, bila yeye mwenyewe kuwa na habari.

Nikamkimbilia Mama Yudithi kumweleza, nimefurahi kama mjinga. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekuja na msiba," akasema, "wewe unanieleza komeo."

Nikavuta kiti, nikakaa. Ilinibidi.

"Na huo msiba wenyewe yeye hajauingia," akaendelea. "Hakuzika. Hakutupa udongo. Sisi sote tulinyolewa, mimi, shemeji zangu, wote. Yeye nywele zake ziko vile vile. Akijishika kichwani anakuta mtu asiyefiwa."

Nimehudhuria semina nyingi, vijana wangu, za hoteli zenye viyoyozi na biskuti. Hakuna iliyonipa sentensi kama ile. Tulikuwa tunabishana tumwambie nini, wakati mdomo na sikio ndiyo njia pekee iliyokufa. Nikamwambia, "Basi mrudishe, mumnyoe. Na kila siku mpeni jambo moja la kufanya kaburini, lile lile, kwa njia ile ile, kifaa kile kile."

Mkubwa wangu wa kazi akasema hiyo ni mila, si tiba. Nikamuuliza tiba yake ni ipi, niiandike. Akasaini karatasi ya ruhusa.

Wakamrudisha Gulwe. Mdogo wake akamnyoa uani, na kila nywele zikiota walimnyoa tena. Asubuhi, akishakunywa uji wa uwele, Mama Yudithi alimpa ufagio mkononi, wakapita nyuma ya zizi mpaka kaburini, akafagia, wakakaa, wakarudi. Basi. Hakuna kumwuliza. Kazi kubwa ikawa kuwazuia ndugu, kwa sababu kila shangazi aliyekuja alitaka kupima. "Elia, mimi nani? Elia, jana tulikula nini?" Kelvin ndiye aliyekuwa anapanda treni kwenda kuwakataza, na nasema kwa haki, alivumilia. Kuna shangazi mmoja alimfukuza kwa mwiko wa mlenda, akarudi wiki iliyofuata.

Mwanzoni ilikuwa vibaya. Mzee alijishika kichwa, akashtuka. "Nani amefariki?" Mama Yudithi hakudanganya tena. "Tumefiwa, baba. Neema." Akalia, lakini sasa analia ameshika ufagio, mkewe ubavuni, majirani wanakuja kuketi naye kama watu wanavyofanya. Hakuwa mtu anayelilia karatasi peke yake. Siku zikapita, kilio kikawa kifupi. Halafu ikaja asubuhi akajishika kichwa, akatulia, akanyoosha mkono kupokea ufagio bila kuuliza. Stesheni akaacha kwenda. Shati safi likabaki kwenye msumari.

Na hapa ndipo mnaponipandisha presha kabisa, kwa sababu nasikia baadhi yenu mnafundishana kwamba kunyolewa kunaponya hipokampasi. Mungu anipe subira. Hakuna kilichopona. Kelvin alimpima tena, akakosa kila neno, na hilo la tufaha tulishaliondoa. Asimame mtu hapo aandike kwenye mtihani kwamba mzee "alikumbuka" kifo cha binti yake, mimi mwenyewe nitamkata alama. Mwili ulizoea njia, mkono ukazoea ufagio, huzuni ikazoeana na mahali, navyo vikaanza kuamshana. Kwa mgonjwa mwingine, wa kabila jingine na dini nyingine, kunyoa kwenu huko hakutaleta kitu. Muulize kwao wanaombolezaje, halafu nyamaza umsikilize mkewe.

Karibu na kustaafu nilikwenda Gulwe na Kelvin kuwaaga. Tulifika asubuhi, tukamkuta Mzee Elia kaburini, kichwa kimenyolewa kinang'aa, anafagia kuanzia miguuni kwenda kichwani kama fundi. Mama Yudithi alikuwa amekaa pembeni anachambua mboga. Hakumwongoza. Alikuwa ameacha kumwongoza siku nyingi.

"Mbukwa, mama," mzee akanisalimia. "Karibuni. Sijui kama tumewahi kuonana."

"Tumeonana kidogo," nikasema.

Nilimuona Kelvin anapanua kifua, nikajua anataka kuuliza, na nilikuwa nimemkataza njia nzima.

"Babu, hapa amelala nani?"

Mama Yudithi akaacha mboga. Mzee akasimama na ufagio wake. Alitazama kaburi, akatazama mkewe, akajipapasa kichwa taratibu, na mimi nikawa nahesabu makosa yangu yote ya kumlea kijana yule.

"Jina limenitoka, mjukuu wangu," akasema. "Lakini ni mtoto wangu. Huyu nilimzika mwenyewe, kwa mikono hii."

Mama Yudithi akajifunika uso kwa khanga. Kelvin akafungua mdomo kusahihisha, nami nikamkanyaga mguu kwa uzito wangu wote.